USALAMA: Mpaka wa hatari usipotee kwenye ramani



Ramani ya sehemu za hatari huchorwa kwa mistari: ukingo wa shimo, eneo la kupasulia baruti, handaki la zamani. Kompyuta huigeuza kuwa miraba midogo: 1 ni hatari, 0 si hatari. Programu ya GDAL inafanya kazi hiyo kwa amri moja:

gdal_rasterize -burn 1 -at -tr 2 2 hatari.shp hatari.tif

Angalia mambo matatu:

1. «-tr 2 2» ni upana wa mraba. Handaki lililochorwa kwa upana wa mita 6 linaweza kupotea katika miraba ya mita 10.

2. «-at» inahesabu kila mraba unaoguswa na eneo la hatari. Bila hiyo, unahesabiwa tu mraba ambao kitovu chake kimo ndani.

3. Ramani iwe kwa mita. Kwa digrii, 2 ni zaidi ya kilometa 200!

Amri ikiandikwa katika faili, kompyuta huirudia kwa ramani mia bila kuchoka. Lakini kosa nalo hulirudia mara mia. Basi, kabla ya kutundika ramani mpya, ilinganishe na ile ya mistari.

Na wewe usiyegusa kompyuta: ufa uliouona leo haumo kwenye ramani mpaka umwambie mkubwa wako wa kazi. Waonye watoto pia: penye bendera nyekundu hapapitwi, hata ramani ikisema 0.