Kabla ya Kuongeza Mashine, Tazama Mkanda

Wanafunzi wenzangu, wapo wanaosema gemu ni kupoteza muda tu. Mimi kuna moja ambayo kila nikiicheza lazima nishike kalamu na karatasi: Factorio, ya Wube Software kutoka Prague, iliyotolewa rasmi mwaka 2020. Unajikuta umeanguka kwenye sayari ngeni. Unachimba madini, unayayeyusha, unajenga kiwanda, hadi urushe roketi.

Tuchukue saketi ya kijani, ambayo inahitajika karibu kila mahali. Saketi 1 inakula bamba 1 la chuma na nyaya 3 za shaba. Katika muda ambao mashine ya saketi inatoa saketi 1, mashine ya waya ya aina hiyohiyo inatoa nyaya 2. Haya, piga hesabu: mashine 2 za saketi zinataka nyaya 6 kila mzunguko, na mashine 3 za waya zinatoa 6. Uwiano ni 3 kwa 2.

Sasa weka 2 kwa 2. Nyaya zinakuja 4 tu, kwa hiyo mashine za saketi zinakaa bure theluthi moja ya muda. Ukiongeza mashine ya tatu ya saketi, hupati hata saketi moja zaidi. Umeongeza msubiriaji tu.

Utajuaje pa kuongeza? Soma mikanda inayobeba bidhaa. Mkanda uliojaa na kusimama unakwambia tatizo liko mbele. Mkanda mtupu unakwambia tatizo liko nyuma. Fuata mstari hadi ukute hatua yenye mkanda uliojaa kabla yake na mtupu baada yake. Hapo ndipo kiwanda kimekwama, na hapo tu ndipo nguvu mpya italeta mabadiliko.

Wazo hili ni la viwanda halisi pia. Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt na Jeff Cox walitoa The Goal, riwaya ya kiwandani inayoonyesha kwamba mwendo wa kiwanda kizima unaamuliwa na hatua yake iliyobanwa zaidi.

Jamani, tazameni sasa kazi zetu za kikundi. Watano wanagawa madodoso, mmoja ndiye anayejua kuchambua takwimu. Madodoso yanarundikana kwake, tarehe ya kukusanya inakaribia, na tunaanza kumwita mzembe. Kumbe yeye ndiye mashine pekee isiyopumzika! Kuwatuma watano wakalete madodoso mengine ni kuujaza mkanda ambao tayari umesimama.

Kwa hiyo, kabla kikundi chenu hakijaanza, andikeni hatua zote kwenye karatasi moja, na kila hatua iandikiwe saa zake. Inayokula saa nyingi kwa mtu mmoja, hiyo ipeni watu wawili mapema, mmoja akimfundisha mwenzake. Alama ni za kikundi kizima, lakini uchovu mara nyingi tunamwachia mmoja.