SOMO: ASKARI WA ZAMANI NA MLANGO WA CHUO



Somo la leo linawahusu wenzetu waliovua magwanda ya jeshi na sasa wanataka kusoma. Hapa Arua na Koboko hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Wako kwenye maghala ya tumbaku, kwenye karakana za magari, kwenye mageti wakilinda usiku. Wengine wako Kakira na Lugazi, kwenye mashamba ya miwa ambako watu wa West Nile wamefanya kazi tangu wakati wa mkoloni.

Tuanze na jinsi walivyotoka darasani. Mwingereza aliitazama West Nile kama mahali pa kupata askari wa KAR na vibarua, siyo makarani, na shule zilikuwa chache. Aprili 1979 serikali ya Idi Amin, mtu wa Koboko, ikaanguka. Askari wakakimbilia Sudan na Zaire. Oktoba 1980 vita vikaingia nyumbani, raia nao wakavuka mpaka na mizigo kichwani, shule zikafungwa. Mtoto wa darasa la tano wa mwaka ule, akirudi alikuwa mtu mzima. Baadaye vikazuka vikundi vya WNBF na UNRF II, vikachukua vijana wengine. UNRF II walitia sahihi amani na serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002.

Je, waliporudi walipewa nini? Chini ya sheria ya msamaha ya mwaka 2000, aliyetoka msituni alipewa shilingi 263,000, godoro, blanketi, sufuria, jembe na mbegu. Kabla ya hapo, kati ya 1992 na 1995, serikali ilipunguza askari wake wapatao 36,000. Walipewa fedha za kuanzia maisha, na ada ya shule kwa watoto wao. Hatuvidharau vitu hivyo. Lakini tazameni: askari alihesabiwa kama tumbo la kulishwa na mkono wa kulima. Kichwa chake hakikuandikwa kwenye orodha.

Marekani walifanya vingine. Sheria yao ya mwaka 1944 iliwalipia askari ada na posho, na watu kama milioni 2.2 wakaingia vyuo vikuu. Maprofesa wengine walilalamika kwamba elimu itashuka. Haikushuka, wale watu wazima walisoma kwa bidii kuliko vijana. Ila askari weusi wa majimbo ya kusini walifungiwa milango mingi. Sheria ni ile ile, anayeshika ufunguo ni mwingine.

Kwetu, kizuizi cha kwanza ni karatasi. Cheti cha darasa la saba kiliungua au kilibaki uhamishoni. Cha pili ni lugha. Jeshini mtu aliishi kwa Kiswahili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kifundishwe katika shule zote, lakini chuoni mwalimu bado anafundisha kwa Kiingereza. Mtu anayesema Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili anaonekana hajui kitu! Hilo latuudhi.

Kizuizi cha tatu hakionekani kwa macho. Kambini jibu ni "ndiyo afande". Chuoni mwalimu anataka uulize, hata umpinge. Tena unakaa benchi moja na kijana wa umri wa mwanao, na usiku usingizi hauji kwa mambo uliyoyaona. Wengi huacha hapo, kimya kimya, na watu husema ni wavivu.

Njia zipo. Dereva wa lori la jeshi, makanika, fundi redio, mpasuaji mbao, tayari ana ufundi mkononi. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 ilikubali mfanyakazi apimwe kwa vitendo na kupewa cheti, hata kama hakumaliza shule. Nenda chuo cha ufundi kilicho karibu, uulize ni bodi gani inapima na ada ni kiasi gani. Anayetaka chuo kikuu bila cheti cha kidato cha sita anaweza kuuliza mtihani wa kuingilia wa watu wazima; Makerere wanao tangu zamani. Muni, hapa hapa Arua, ni chuo kikuu cha serikali tangu 2013.

Lakini mtu wa zamu ya usiku atasoma saa ngapi? Hapo ndipo kazi ya tawi. Ruhusa ya masomo na kubadilishiwa zamu ni mambo ya kudai kwenye mkataba wa pamoja, siyo ya kuombwa kwa msimamizi kama fadhila.

Kwa kikao kijacho, kila mwakilishi alete idadi ya askari wa zamani katika idara yake, ufundi walio nao, na darasa waliloachia. Waulizwe kwa heshima, mmoja mmoja, na vita walivyopigania visiulizwe.