SOMO: PUMZIKO NI LA NYUMBA NZIMA

Someni: Kutoka 20:8–11, Marko 6:30–32

Wako wadhanio kuwa kupumzika ni uvivu. Lakini Mitume waliporudi kazini wamechoka, Bwana Yesu aliwaita waende faraghani wapumzike kidogo. Hawakutawanyika; waliondoka pamoja.

Pumziko jema huzaa elimu na urafiki. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchini kote watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana. Kisha wakaenda pamoja kuchimba vyoo. Saa ya kuketi haikupotea bure.

Sasa iangalieni amri ya nne. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mgeni, hata mnyama. Hakuna aliyeachwa nje. Je, hapa Rudewa, baba aketipo barazani na rafiki zake Jumapili, mama yuko wapi? Ametoka kuteka maji, sasa yuko jikoni. Pumziko langu likiwa mzigo wa mwenzangu, sijaishika amri.

Yafaa maji na kuni vitayarishwe Jumamosi, baba na vijana wakishika kazi hiyo. Ndipo mama naye atapata nafasi ya kusoma Neno na kumtembelea rafiki yake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Ni nani kwetu asiyepumzika?
2. Juma hili tutampunguzia kazi gani, na nani ataifanya?
3. Akipata nafasi, angependa kujifunza nini? Mwulizeni mwenyewe.