Kipimo cha Kileo Mpakani Isebania

Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati ya nchi ya Wakuria. Upande wa Kenya, katika Kaunti ya Migori, pana mji wa Isebania, na ng'ambo yake, upande wa Tanzania, pana Sirare. Kila siku watu huvuka hapo kwenda sokoni, harusini, matangani na kuwaamkia jamaa zao. Wengine hutoka mbali, kama Homa Bay, hupitia Rongo na Migori mjini mpaka wafike Tarime. Warudipo, mara nyingi huwamo chupa ya kileo mizigoni mwao. Yafaa kila msafiri ajue sheria isemavyo kabla hajafika mbele ya ofisa wa forodha.

Sheria itumikayo ni ile ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, mizigo ya msafiri husamehewa ushuru, lakini vileo havimo katika msamaha huo, ila kwa kipimo maalum: pombe kali isiyozidi lita 1, au mvinyo usiozidi lita 2. Bia haikutajwa katika kipimo hicho. Mwenye bia na aionyeshe.

Neno la kuangaliwa sana ni "au". Mtu aliyechukua lita 1 ya pombe kali hana ruhusa tena ya mvinyo bila ushuru. Tena kinachohesabiwa ni lita, wala si chupa. Chupa mbili za mvinyo, kila moja ya mililita 750, ni lita moja na nusu, nazo hupita. Chupa tatu ni lita 2 na robo. Kipimo kimekwisha kuzidi.

Ruhusa hii ni ya mtu aliyetimiza umri wa miaka 18. Chukua mfano wa mtu wa Homa Bay arudiye nyumbani pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka 15, nao wana chupa tatu za pombe kali za lita moja moja. Mume ana haki ya chupa moja, na mke chupa moja. Mtoto hana haki yo yote, kwa hiyo chupa ya tatu ni ya kulipiwa.

Kileo chenyewe sharti kiwe mali ya msafiri, kiwe pamoja naye safarini, na kiwe kwa matumizi yake na ya nyumba yake. Chupa hiyo haiwezi kuuzwa dukani wala baani, kwa maana kileo kinachouzwa Kenya lazima kiwe na stempu ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Kama kusingekuwa na kipimo, mchuuzi angejiita msafiri, na mwenye duka wa Homa Bay aliyelipa ushuru wake kwa haki angekosa wanunuzi.

Aliye na kileo kinachozidi kipimo hana sababu ya kuogopa. Amwambie ofisa mwenyewe kabla hajaulizwa, alipe anachodaiwa, kisha apewe stakabadhi na kuitunza mpaka mwisho wa safari.

Hatari kubwa iko katika njia za panya, na katika mitumbwi itiayo nanga usiku kwenye fukwe za ziwa, karibu na Muhuru Bay. Mtu akipatikana na hatia ya magendo aweza kufungwa hadi miaka 5, na mali hutwaliwa. Hata chombo kilichobeba mali hiyo, kama pikipiki au mtumbwi, chaweza kutwaliwa. Hivyo mwendesha pikipiki aliyekubali kubeba katoni moja ya pombe kwa ujira mdogo aweza kupoteza chombo kinachowalisha watoto wake. Na aulize kwanza kilichomo, naye abiria apite Isebania mchana, mizigo yake ikiwa wazi.