Hifadhi ya Udongo na Maji: Tabianchi na Shughuli za Binadamu Mkoani Dodoma

Swali: "Ukame ndio chanzo cha mmomonyoko wa udongo mkoani Dodoma." Jadili kauli hii. (Alama 15)

Mtahiniwa, usiikubali kauli hii yote wala usiikatae yote. Tabianchi huandaa mazingira ya mmomonyoko. Shughuli za binadamu huongeza au kupunguza ukubwa wake. Jibu lako lioneshe uhusiano huo.

A. Mchango wa tabianchi

1. *Msimu mmoja wa mvua.* Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kirefu hukausha majani na kuiacha ardhi wazi.
2. *Mvua kali za muda mfupi.* Mvua za kwanza huikuta ardhi haina kinga. Matone huvunja chembe za udongo na kuziba vitundu vyake, hivyo maji hutiririka badala ya kupenya.
3. *Uvukizaji mkubwa.* Jua na upepo hupunguza maji ya malambo na unyevu wa udongo.

Angalizo: Mvua chache kwa mwaka haina maana ya mmomonyoko mdogo. Wengi hukosea hapa.

B. Mchango wa binadamu

1. Kufuga mifugo mingi kuliko malisho yaliyopo.
2. Kukata miti kwa ajili ya kuni, mkaa na mashamba. Wakati wa ukoloni, vichaka vya Kondoa vilifyekwa pia ili kuwaondoa mbung'o.
3. Kulima kwenye miteremko bila matuta.
4. Kukusanya watu na mifugo mahali pamoja, kama wakati wa kuanzisha vijiji miaka ya 1970.

Udongo unaosombwa huishia mabondeni na mabwawani. Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwaka 1957, lilipungukiwa na uwezo wa kuhifadhi maji kwa kujaa tope. Hivyo kupoteza udongo ni kupoteza maji pia.

C. Mfano hai: HADO, Kondoa

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kuharibu ardhi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256 hivi. Baada ya miaka michache nyasi na vichaka vilirudi na makorongo mengi yakaanza kufunikwa na majani. Kiangazi kilibaki kirefu vilevile. Kilichobadilika ni matumizi ya ardhi.

Hata hivyo, wananchi walilipa gharama. Kaya zilikosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia, na mifugo iliyohamishwa ilipeleka shinikizo maeneo mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani, wa kukata na kupeleka majani bandani, ulianza kuhimizwa.

D. Hitimisho la kuandika

Ukame huchangia, lakini si chanzo pekee. Kondoa inaonesha kwamba ardhi inaweza kupona bila tabianchi kubadilika. Inaonesha pia kuwa hifadhi hudumu pale inapowaachia wananchi njia ya kuishi.

Jipime: Taja njia tatu za kuhifadhi maji ya mvua kijijini kwako, na ueleze ni nani atanufaika na nani atagharamika.