Mguu wa bandia unaweza kuhisi ardhi?

*Nilikatwa mguu juu ya goti. Mchangani naangalia chini kila hatua, na usiku kidole nisichonacho kinawaka moto. Je, kuna mguu unaohisi? – Msomaji, Tanga*

Mguu wa kawaida wa bandia haupeleki habari kwenye ubongo, hivyo macho hufanya kazi ya unyayo. Mwaka 2019, kundi la Stanisa Raspopovic wa ETH Zurich, Uswisi, liliunganisha vihisi vya unyayo na goti la bandia kwenye mshipa wa fahamu wa pajani, kwa watu wawili waliokatwa mguu. Wawili hao walitembea mchangani kwa kasi zaidi. Maumivu ya kiungo kisichokuwepo, kama ya kidole chako, yakapungua.

Mguu huo bado ni wa utafiti, hauuzwi.

Kwa sasa msomaji aende kwa mafundi wa viungo bandia, kwa mfano KCMC Moshi, soketi (sehemu inayoshika kigutu) ikaguliwe, kisha aulizie mazoezi ya kioo kwa ajili ya maumivu hayo. Kidonda au uvimbe kwenye kigutu? Hospitali, siku hiyohiyo.