Unasomea Hali ya Hewa? Anza Muhula Hivi

Vyuo vikuu vyetu vingi Tanzania hufungua muhula wa kwanza mvua za vuli zikiwa mlangoni, na wa pili masika yakikaribia. Kwa anayesomea hali ya hewa, hiyo ni nafasi ya kuikamata mapema. Uwe unachukua shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uko Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma, kanuni ni moja: kila unachofundishwa kiunganishe na anga unayoiona, kuanzia wiki ya kwanza. Anayesubiri wiki ya mitihani huishia kukariri madesa. Anayeanza sasa huelewa.

Hizi hapa mbinu. Chukua kalamu.

Fungua daftari la anga

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu. Chora safu: tarehe, saa, aina ya mawingu, kiasi cha mawingu, upepo unakotoka, mvua, maelezo. Jaza mara mbili kwa siku, saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Saa hizo usizibadilishe. Ndizo 0600 na 1200 kwa saa ya kimataifa, UTC, saa kuu ambazo vituo vya hali ya hewa duniani hupima kwa pamoja, kwa hiyo utaweza kulinganisha ulichoandika na rekodi ya kituo.

Kiasi cha mawingu kipime kwa okta. Gawa anga mafungu nane, kisha jiulize mafungu mangapi yamefunikwa. Sifuri ni anga safi, nane ni wingu tupu. Mwanzoni utakadiria vibaya. Linganisha na mwenzako aliyesimama karibu nawe, na baada ya wiki mbili jicho litakuwa limezoea.

Kwa aina za mawingu, tumia Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO. Iko bure mtandaoni na ina picha. Aina kuu ni kumi tu. Jifunze mbili kila wiki, na zote utakuwa nazo kabla ya mitihani ya katikati ya muhula.

Zoea UTC mara moja

Ramani, jumbe na data zote za fani hii zinaenda kwa UTC. Anayehesabu kwa vidole kila mara hupoteza muda na kukosea tarehe. Kuna njia ya mkato kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili hapa Afrika Mashariki: toa 3. UTC 0600 ni saa 3 asubuhi. UTC 0900 ni saa 6 mchana. Ukipata sifuri, kama kwenye 0300, hiyo ni saa 12 asubuhi. Jibu likizidi 12, toa 12: UTC 1800 inakupa 15, yaani saa 3 usiku.

Angalia tu tarehe. UTC ikifika 2100, kwenye kalenda yetu siku mpya imeshaanza.

Soma METAR moja kila siku

METAR ni ujumbe wa hali ya hewa wa kiwanja cha ndege, na unapatikana bure. Chagua kiwanja kimoja ukifuate muhula mzima. HTDA ni Dar es Salaam, HTKJ ni Kilimanjaro, HTMW ni Mwanza. Chukua mfano huu:

HTDA 100600Z 05008KT 9999 FEW020 29/24 Q1012

Ufungue hivi. Tarehe 10, saa 0600 UTC. Upepo unatoka nyuzi 050, kaskazini mashariki, kwa noti 8, yaani karibu kilomita 15 kwa saa. Unaona mbali kilomita 10 au zaidi. Mawingu machache, okta 1 hadi 2, kitako chake kikiwa futi 2,000. Joto nyuzi 29, joto la umande nyuzi 24, kanieneo hektopaskali 1012.

Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya lekcha ya kwanza. Somo la hali ya hewa ya usafiri wa anga likifika, wenzako watakuwa wanakariri herufi na wewe unasoma kama gazeti.

Usiishie kusoma, kokotoa

Rudi kwenye mfano huo. Joto 29, umande 24, tofauti 5. Zidisha kwa mita 125: unapata mita 625, ambazo ni kama futi 2,050. Kitako cha wingu kilichoripotiwa ni futi 2,000.

Sababu yake ni thamodinamiki ya kwenye lekcha. Hewa ambayo haijashiba mvuke ikipanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Joto lake la umande hushuka karibu nyuzi 2 tu. Tofauti inafungwa kwa nyuzi 8 kwa kilomita, na hapo zinapokutana wingu linaanza. Jaribu kwa METAR za siku tano zenye mawingu ya kumulus. Fomula uliyoijaribu hivi huwezi kuisahau kwenye UE.

Hesabu zisikupite hata wiki moja

Wengi wanaobeba sapu kwenye fani hii hawashindwi na mawingu. Wanashindwa na kalkulasi, vekta na milinganyo tofautishi. Dinamiki ya angahewa imejengwa juu ya hayo, na ukiacha pengo wiki ya pili, wiki ya sita hutaelewa mstari hata mmoja ubaoni.

Weka sharti: maswali ya kila lekcha ya hesabu yafanye ndani ya saa 24. Tafuta wenzako watatu, chagueni kimbweta na siku maalumu. Kila mmoja aje ameshajaribu, kisha mmoja aeleze kwa sauti hatua kwa hatua. Ukikwama katikati ya kueleza, umepata mahali pa kurudia.

Chunga vipimo. Kwenye mlinganyo wa gesi, joto liingie kwa kelvini na kanieneo kwa paskali. Hewa ya nyuzi 30 na hektopaskali 1010 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa mita moja ya ujazo. Ukiweka 30 badala ya 303, jibu linakuwa kubwa mara kumi. Andika kizio mbele ya kila namba, hata kwenye karatasi ya kujaribia.

Maswali ya mitihani iliyopita yaombe kwa CR au kaka na dada wa mwaka wa juu sasa hivi. Soma pia kwenye muhtasari wa kozi CA inabeba asilimia ngapi na majaribio yako lini. Tarehe hizo zibandike juu ya kitanda.

Vitabu ni vya mbali, anga ni ya hapa

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Vimejaa fronti za baridi na mizunguko ya latitudo za kati. Visome, mtihani unavitaka. Lakini pembeni ya kila sura andika kwa penseli: je, kwetu hili linafanyaje kazi?

Anza na nguvu ya Coriolis. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hapo nguvu hiyo haifiki hata moja ya sita ya ile ya London, na inavuta upepo kushoto badala ya kulia. Kwa hiyo kanuni ya upepo kufuata mistari ya kanieneo, inayofanya kazi vizuri kule, huku unaitumia kwa tahadhari.

Kisha tengeneza orodha ya mifano ya nyumbani. Kaskazi na kusi kwa somo la monsuni. Upepo wa baharini wa alasiri kwa mzunguko wa nchi kavu na bahari. Ziwa Victoria kwa radi za usiku: upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, mvua inajengeka, kisha inasukumwa magharibi, ndiyo maana Bukoba hunyeshewa sana asubuhi. Vuli ya 2019 kwa Daipoli ya Bahari ya Hindi. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kwa vimbunga vya karibu na ikweta.

Mfano wa nyumbani ukiuweka kwenye jibu la insha, mwalimu anajua umeelewa.

Tabiri kabla hujaambiwa

Kila jioni, kabla ya kufungua utabiri wowote, andika utabiri wako wa kesho: mvua itanyesha hapa chuoni au haitanyesha? Ongeza sababu moja. Kesho yake andika kilichotokea.

Baada ya wiki nne, chora jedwali la vyumba vinne: ulisema mvua ikanyesha, ulisema mvua haikunyesha, hukusema ikanyesha, hukusema haikunyesha. Linganisha na mtu anayesema kila siku “kesho itakuwa kama leo.” Kama bado anakushinda, tazama ni siku za namna gani unazokosea. Huo ndio uhakiki wa utabiri. Watabiri wa kazini wanaufanya, nawe utaukuta kwenye takwimu.

Data usipakue dunia nzima

Sakinisha Python wiki hii. Ni bure na laptopu ya kawaida inatosha. Anza na kazi moja ndogo: soma faili la mvua la mwezi mmoja, chora grafu. Usirukie modeli kubwa.

Kwa mvua ya eneo letu, tumia data za CHIRPS, zinazoanzia 1981. Kwa joto, upepo na kanieneo, tumia ERA5, inayoanzia 1940. Zote ni bure. Unapopakua, taja mipaka ya eneo. Tanzania inaingia kwenye latitudo 1 hadi 12 kusini na longitudo 29 hadi 41 mashariki. Chagua miaka na vigezo unavyohitaji tu, la sivyo bando litaisha faili likiwa nusu.

Ukilinganisha mwaka mmoja na wastani, tumia miaka 30. Kipindi cha rejea cha sasa cha WMO ni 1991 hadi 2020. Na kazi zako zote hifadhi sehemu mbili. Laptopu huharibika wiki ya kukusanya kazi.

Tengeneza kipimamvua chako

Huna haja ya kifaa cha bei. Chukua chombo chenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, kiweke mahali wazi mbali na miti na kuta, kifunge kisipeperushwe. Pima kina cha maji kwa rula kila saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji. Kisha mwaga.

Siku kavu andika 0.0. Usiache wazi. Nafasi tupu maana yake hukupima, na hizo ni habari mbili tofauti.

Kumbuka pia: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 3,000. Namba hiyo itakusaidia darasani, na itamsaidia mjomba anayetaka kununua tangi.

Radi ikianza, ingia ndani. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawa kwa 3, unapata umbali kwa kilomita. Rudi nje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hakuna kipimo kinachostahili uhai wako.

Jifunze kuzungumza na mkulima

Fani hii inaishia kwa watu: mkulima anayepanga mbegu, mvuvi anayetoa ngalawa. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na ujue maneno yake yana vipimo. Kwenye utabiri wa msimu, mvua za wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Zikizidi hapo ni juu ya wastani, zikipungua ni chini ya wastani. Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24.

Kila wiki chukua taarifa moja, uieleze kwa sentensi tatu kwenye ujumbe wa sauti kwa mtu wa nyumbani. Mwambie aseme alichoelewa. Akikosea, eleza upya kwa maneno mepesi.

Fildi itafute mapema

Barua za kuomba mafunzo kwa vitendo ziandike mwanzoni mwa muhula. Usitazame TMA peke yake. Viwanja vya ndege, bandari, bodi za maji za mabonde na vituo vya utafiti wa kilimo vyote vinatumia hali ya hewa. Ambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha daftari lako, grafu moja uliyochora na jedwali lako la utabiri. Waombaji wengi wataleta cheti. Wewe utaleta kazi.

Wiki hii fanya haya matano

Jumatatu nunua daftari na uandike kipimo cha kwanza saa 3. Jumanne fungua METAR moja hadi mwisho. Jumatano sakinisha Python. Alhamisi kaeni kimbweta na wenzako mtatue maswali ya kalkulasi. Ijumaa jioni andika utabiri wako wa kwanza, uweke sahihi, na Jumamosi jioni ukaupime.